Kabla mtoto hajachezea redio kaseti ya babu

Katika nyumba nyingi za Ilala, Kariakoo na Magomeni bado ipo redio kaseti ya zamani juu ya kabati, ile yenye spika mbili na mkono wa kubebea. Watoto wa leo huiona kama mdoli. Mzazi, kabla hujawaachia au hujaiuza kwa wanunuzi wa skrepa, zikague kwanza kaseti zake.

Zamani redio hizo ndizo zilizotunza sauti za familia. Watu walirekodi vipindi vya Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini pia harusi, nasaha za wazee na salamu kwa ndugu walio mbali. Kaseti ya dakika 60 hubeba nusu saa kila upande, na mara nyingi nakala ni hiyo hiyo moja.

Hatari iko kwenye kitufe cha kurekodi, kwa kawaida chenye alama nyekundu. Mtoto akikibonyeza, sauti ya marehemu babu inafutika na hairudi tena. Kinga ni rahisi. Kwenye ukingo wa kaseti, upande usioonesha utepe, kuna vijino viwili vya plastiki. Vivunje vyote, na kitufe hicho kitagoma kushuka. Vichezeo vidogo kama Sony Walkman ya kwanza ya mwaka 1979 hupiga tu, havirekodi, hivyo havina hatari hiyo.

Usianze na kaseti ya babu. Futa hedi ya redio kwa pamba yenye spiriti, kisha jaribu kaseti ya muziki usiyoihitaji, maana redio iliyokaa muda mrefu huweza kutafuna utepe. Utepe uliolegea kaza kwa kuzungusha kalamu kwenye tundu la kaseti. Ukiona ukungu mweupe, ambao joto na unyevu wa pwani huuleta, usiipige. Mpelekee fundi redio.

Ikipiga vizuri, zima feni, weka simu karibu na spika, rekodi pande zote mbili, kisha watumie ndugu, ili nakala isibaki kwenye simu moja.

Waite watoto wasikilize pamoja na bibi. Yeye ndiye atakayewaambia nani anaongea, na nani anacheka kule nyuma. Hayo hayakuandikwa kwenye kaseti.