Unapokodi pikipiki ya matembezi, kodi na kofia ngumu mbili

Katika kituo cha afya ninachofanyia kazi, pembezoni mwa Temeke, kuna alama ambayo naikuta kwa wanawake wengi kuliko alama ya chanjo begani. Ni kovu la mviringo kwenye shavu la mguu wa kulia. Sihitaji kuuliza limetoka wapi. Ni ekzosi ya bodaboda. Nasikia kule Thailand, ambako watalii hukodi pikipiki ndogo kuzunguka visiwani, kovu hilohilo wamelifanyia utani na kuliita chale ya Thailand. Mtu anarudi kwao nalo kama kumbukumbu ya safari.

Mimi pia nilikuwa nalichukulia kama utani, mpaka mwanangu, mtoto wa dada yangu, alipotoka fungate Zanzibar akiwa na kovu hilo, na mume wake akiwa na kovu jingine refu kichwani, la nyuzi za upasuaji.

Leo naandika kuhusu safari ile kwa sababu mbili. Kwanza, msimu wa sikukuu na harusi ukifika, vijana wetu wa Chamazi, Mbagala, Tegeta na Bunju wanapanda boti kwenda kupumzika Unguja, na wengi wanakodi vespa au pikipiki kuzunguka kisiwa. Pili, aliyewashauri wale wawili wakodi vespa ni mimi.

Ushauri wangu uliopungua

Walikuja kuniaga siku mbili baada ya harusi. Binti akalalamika, "Mama mdogo, teksi ya kwenda Paje na kurudi mjini kila siku ni hela nyingi." Nikamjibu bila kufikiri, "Kodini vespa, mtafurahi. Hata upepo mtaupata." Nikawauliza kama wamebeba dawa za kuharisha, za maumivu na chandarua. Sikuuliza nani kati yao amewahi kuendesha pikipiki. Sikutaja kofia ngumu. Nina zaidi ya miaka kumi na mitano ya udaktari, na siku ile nilishauri kama jirani yeyote wa mtaani.

Mkwe wetu ni fundi wa kuchomelea, na kazi yake ameizoea. Pikipiki alikuwa ameipanda maelfu ya mara, lakini kama abiria. Alipokwenda kukodi alipewa ufunguo, akaonyeshwa breki na mahali pa kuweka mafuta, akalipa. Kofia ilikuwepo moja, kubwa, mkanda wake wa kidevu umekatika. Akamwachia mke wake, naye akaivua walipotoka barabara kuu kwa sababu ilikuwa inamfunika macho.

Hawakuwa katika mwendo wa mashindano. Ilikuwa saa kumi jioni, wanatoka Jambiani kurudi Paje. Mbuzi akakatiza, mkwe akashtuka. Sasa hapa msomaji wangu nisikilize, maana ndipo wanaoanza wanapoangukia. Kwenye vespa isiyo na gia, mafuta yanaongezwa kwa kuzungusha mkono wa kulia. Mtu asiye na mazoea akishtuka, mwili wake unakaza mikono, na mkono uleule unaokaza ndio unaoongeza mafuta. Pikipiki ikaruka mbele badala ya kusimama. Alipokumbuka breki, alibana ya mbele peke yake, na tairi lilikuwa juu ya mchanga uliopeperushwa barabarani. Wakaanguka upande wa kulia. Ekzosi ikamlalia binti mguuni. Kichwa cha mume kikagonga ukingo wa lami.

"Ameamka mwenyewe"

Akainuka. Akajipangusa. Akamsaidia mke wake kusimama, akacheka kidogo, akairudisha vespa na kulipia kioo kilichovunjika. Watu waliokusanyika wakasema Mungu mkubwa, hakuna aliyeumia. Wakamwangalia binti tu, kwa sababu mguu ulikuwa umebabuka.

Saa mbili usiku simu yangu ikalia. "Mama mdogo, anasema kichwa kinamuuma sana. Ametapika mara tatu. Ila aliamka mwenyewe pale barabarani, alikuwa anaongea vizuri."

Maneno hayo ya "aliamka mwenyewe, alikuwa anaongea vizuri" nimeyasikia mara nyingi kwa ndugu wa majeruhi, na kila nikiyasikia tumbo linanikata. Kuna aina ya jeraha ambapo fuvu linapasuka na mshipa wa damu ulio chini yake unakatika. Damu inaanza kujikusanya polepole kati ya fuvu na ubongo. Kwa dakika au saa kadhaa majeruhi anaonekana mzima kabisa, anaongea na kutembea. Kisha damu inapojaa inaubana ubongo, kwa sababu fuvu ni boksi lisilopanuka. Hapo ndipo kinaanza kichwa kuuma, kutapika, usingizi mzito, na mwisho kuzimia. Majeruhi wa namna hii akifunguliwa mapema, mara nyingi anapona. Akiachwa "alale apumzike", anaweza asiamke.

Nilimwambia, "Usimwache alale. Tafuteni gari sasa hivi, mwende hospitali kubwa ya mjini." Wenyeji wao walijitolea gari. Alipigwa picha ya CT-Scan, akaingizwa chumba cha upasuaji usiku uleule. Anaishi, namshukuru Mungu na waliomhudumia. Lakini miezi mitatu hakuweza kupanda juu kuchomelea, kwa kizunguzungu. Hata sasa anasahau vitu vidogo na kukasirika upesi, na mke wake anajifunza kuishi na mtu aliyebadilika kidogo. Fedha za zawadi za harusi, zilizokuwa za kununulia mashine ya pili ya kazi, ziliishia kwenye matibabu na nauli za ndugu.

Hii si bahati mbaya tu

Najua wapo watakaosema ajali haina kinga. Sikubaliani nao. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na takriban mmoja kati ya kila watano alikuwa kwenye pikipiki au bajaji. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi ya hicho.

Kofia ngumu haizuii kuanguka. Inachofanya ni kupokea kishindo badala ya fuvu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Mkwe wetu alikadiria walikuwa kwenye mwendo wa 40 kwa saa. Kichwa kikigonga kitu kisichosogea kwa mwendo huo, ni sawa na kukiangusha kutoka kimo cha mita 6, yaani juu ya paa la nyumba ya ghorofa moja. Nani kati yetu angejirusha kutoka pale akisema "ni karibu tu"?

Na tabia hubadilika. Vietnam ni nchi ya pikipiki kuliko tulivyo sisi. Familia nzima hupanda moja, na wageni huzikodi kuvuka milima na pwani. Kofia zilikuwa zikidharauliwa vilevile. Desemba 15, 2007 serikali yao ikaanza kusimamia sheria ya kofia kwa kila dereva na kila abiria, kwenye barabara zote, na faini juu yake. Ndani ya muda mfupi uvaaji ulipita asilimia 90 katika miji mikubwa. Joto la Hanoi na Ho Chi Minh halikupungua siku hiyo, na nywele za wanawake wa kule zilibaki zilezile.

Nasema hivyo kwa sababu najua visingizio vyetu, nimevitumia mwenyewe kwenye bodaboda za Mbagala Rangi Tatu. Kofia inanuka jasho. Inaharibu nywele. Haikai juu ya mtandio. Nitapata mba au mashilingi. Kama daktari nakujibu hivi: vaa kitambaa chepesi chini yake, na ukipata fangasi njoo kituoni, tutakupa dawa. Kwa ubongo uliopondeka sina dawa ya kupaka.

Nani afanye nini

Ukitoka mjini kwenda kusini mwa Unguja, unapita msitu wa Jozani. Pale barabara imewekewa matuta ili magari yasiwagonge kima punju, na ni jambo jema. Lakini tukiweza kupunguza mwendo kwa ajili ya kima, hatuwezi kushindwa kumpa kofia mtu anayepita palepale na mke wake mgongoni.

Maoni yangu ni kwamba anayekodisha pikipiki kwa matembezi, iwe Unguja, Bagamoyo au Kigamboni, anafanya biashara inayogusa uhai, kama anayeuza dawa. Mwenye duka la dawa haruhusiwi kukupa dawa kali kwa sababu tu una hela. Vivyo hivyo, ufunguo usitoke bila mambo matatu: leseni ya kuendesha pikipiki, kofia mbili zinazokaa vizuri kichwani zenye mikanda mizima, na dakika kumi za kuonyesha kwamba mteja anaweza kuondoka, kukata kona na kusimama. Mamlaka zinazotoa vibali vya biashara za utalii ziweke mambo hayo matatu kuwa sharti la kibali, na zipite kukagua. Tangu Oktoba 1, 2024 Zanzibar inawataka wageni wanaotoka nje ya nchi kulipia bima ya dola 44 wanapoingia. Maana yake ni kwamba tumekubali mgeni anaweza kuumia. Basi tuhangaike pia asiumie, na tumhesabu na kijana wa Chamazi.

Lakini sitaki tuwatupie wakodishaji mzigo wote. Sisi wateja ndio tunaosema "nipe tu, naijua." Kupanda bodaboda kila siku si kujua kuendesha, kama ambavyo kulazwa mara nyingi si kujua udaktari. Kama hujawahi, kodi gari na dereva, au panda daladala; za Unguja zinafika Paje, Nungwi na Makunduchi. Kama unaweza, jaribu kwanza uwanjani bila abiria. Usiendeshe usiku, usiendeshe ukiwa umekunywa, na ukiona mchanga barabarani punguza mwendo kabla ya kuufikia. Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika. Kofia za wajenzi si za pikipiki, na kofia isiyofungwa kidevuni itaruka kabla kichwa hakijafika chini.

Ukianguka au ukimkuta aliyeanguka

Usimnyanyue kwa kumvuta mikono wala kumkalisha kwa nguvu. Shingo inaweza kuwa imevunjika. Kama anapumua vizuri, mwache na kofia yake hadi apatikane anayejua kuivua. Anayevuja damu, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi. Aliyechanganyikiwa usimpe maji wala soda. Piga 112 kwa polisi au 114 kwa zima moto na uokoaji, au tafuta gari. Usikae nyumbani ukisubiri PF3, mpeleke hospitali, karatasi inafuata.

Aliyegonga kichwa, hata akisema ni mzima, asiachwe peke yake kwa saa 24. Mpeleke hospitali haraka ukiona lolote kati ya haya: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika zaidi ya mara moja, kusinzia isivyo kawaida au kuwa mgumu kuamshwa, kuongea mambo yasiyoeleweka, degedege, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu kukosa nguvu, damu au majimaji kutoka puani au masikioni. Usimpe asprini, diklofenaki wala ibuprofeni, kwa kuwa zinaweza kuongeza kuvuja kwa damu.

Aliyeunguzwa na ekzosi, mwagia jeraha maji safi ya bomba kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga, yai na mafuta ya kupikia viacheni jikoni na bafuni. Usipasue lengelenge. Nenda kituo cha afya ukasafishwe, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda. Mwanangu alipakwa dawa ya meno na wasamaria wema pale Jambiani. Kidonda kikaingia uchafu, na kilichukua wiki sita kufunga.

Mwezi uliopita kijana mwingine wa ukoo alinipigia. Anaoa Desemba, anakwenda Unguja. Akaniuliza dawa gani wabebe. Nilimtajia, kisha nikamwuliza kama amewahi kuendesha pikipiki. Akacheka, akasema, "Mama, si naipanda kila siku?" Nimemwambia aje Jumamosi. Kuna uwanja wa shule karibu na kwangu, na nimeshanunua kofia mbili.