AFYA YA JAMAA: Walinzi Wasiongoja Amri ya Makao Makuu

Ndugu msomaji, kila askari aliyepata kushika lindo mpakani anafahamu kwamba adui hangoji kikosi kikuu kijipange. Mwili wa binadamu nao una walinzi wa namna hiyo, ambao wataalamu huwaita seli za asili za limfu.

Wengi wetu tumezoea kusikia habari za chembe nyeupe za damu zinazofunzwa kwa chanjo. Hizo ni jeshi lenye mafunzo: kila moja humtambua adui mmoja maalumu, na kumbukumbu ya adui huyo yaweza kudumu miaka mingi. Lakini adui akiwa mgeni, jeshi hilo huhitaji siku kadhaa kujikusanya. Katika siku hizo, nani hulinda?

Hapo ndipo zinapoingia seli za asili za limfu. Ni za ukoo mmoja na jeshi hilo, ila hazikupewa kifaa cha kutambua adui mmoja mmoja. Nyingi hazizunguki katika damu. Zimepiga kambi katika ngozi, mapafu na utumbo. Huko husikiliza mbiu inayopigwa na chembe za wenyeji zilizoshtuka au kujeruhiwa, na katika muda wa saa chache huwa zimekwisha kujibu.

Zile ziuazo chembe zilizovamiwa na virusi zilielezwa mwaka 1975 na wataalamu wa Sweden na Marekani. Mwaka 2010 ikaelezwa aina nyingine inayopambana na minyoo, na mwaka 2013 wataalamu wakakubaliana kuzigawa seli hizi katika makundi matatu. La kwanza huwakabili virusi na vijidudu vinavyojificha ndani ya chembe. La pili huwakabili minyoo. La tatu hulinda ukuta wa utumbo dhidi ya bakteria na kuvu, kwa kuuamuru ukuta huo utoe kemikali za kuviua.

Tazama jinsi minyoo inavyofukuzwa. Katika ukuta wa utumbo mna chembe chache zenye kazi ya kuonja yaliyomo. Zikionja dalili ya minyoo, hupeleka habari kwa kundi la pili. Nalo huamuru ute uongezeke na misuli ya utumbo ikaze, hata mnyoo ukose pa kushika. Walakini kundi hilohilo likipita kiasi katika mapafu, huchangia ugonjwa wa pumu. Mlinzi mwenye hamaki huweza kumdhuru mwenye nyumba.

Akina mama, sasa tugeukie jikoni. Uchunguzi uliofanywa kwa panya, ukatangazwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba panya walionyimwa vitamini A walipungukiwa na walinzi wa kundi la tatu, wakashindwa kuwazuia bakteria wa tumboni. Uchunguzi mwingine wa mwaka huohuo ulionyesha kwamba chakula cha panya mwenye mimba huathiri walinzi wa watoto wake na ukuaji wa tezi zao za limfu. Panya si binadamu, lakini hospitali zimejua tangu zamani kwamba mtoto aliyepungukiwa na vitamini A huelemewa upesi na kuhara na surua.

Basi, mama mjamzito na watoto wapate mchicha, kisamvu, maboga, karoti, maembe, mapapai na viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa, vikiungwa kwa mafuta kidogo ili vitamini hiyo ifyonzwe. Matone ya vitamini A yatolewe kliniki tu. Mjamzito asijinunulie, maana yakizidi huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mtoto mchanga, ambaye jeshi lake la mafunzo halijaona vita, anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita.

Wala tusiwaachie walinzi hawa mzigo wote. Palipo na kambi yenye choo kichafu, minyoo hurudi kila inapofukuzwa. Tunawe mikono, watoto wavae viatu, wapewe dawa ya minyoo kwa wakati na wakamilishe chanjo. Mlinzi wa mpakani hulinda lango. Ushindi wa kudumu huletwa na jeshi lililofunzwa. Nyumba yenye afya huwahitaji wote wawili.