Udzungwa Tuipande Wenyewe

Mwaka 1991 watafiti waliopiga kambi katika milima ya Udzungwa waliona ndani ya sufuria ya kitoweo miguu ya ndege wasiyemfahamu. Alikuwa kwale. Mwaka 1994 alitangazwa ulimwenguni kuwa aina mpya kabisa, akapewa jina la Kilatini. Hatuibezi kazi ya wataalamu hao. Lakini aliyemtia kwale huyo sufuriani hakuhitaji kuambiwa kwamba yupo.

Tunalikumbusha jambo hilo kwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ni hifadhi ya watembea kwa miguu. Gari huachwa Mang'ula, inakopita pia reli ya TAZARA, na mwenye kutaka kuona hana budi kupanda. Njia ya Sanje humfikisha kwenye maporomoko ya maji ya kiasi cha mita 170. Atakayedamka mapema na kujua kunyamaza atawasikia hondohondo kabla ya kuwaona, atawakuta chozi kwenye maua, na juu ya matawi mbega wekundu wasiopatikana popote duniani nje ya eneo hilo. Anayepiga soga njia nzima atarudi na jasho tu.

Kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni. Ni dhahiri basi kwamba kinachowazuia wananchi wengi si lango. Ni ile dhana potofu kuwa kutazama ndege ni anasa ya Wazungu wenye darubini shingoni. Shule za Kilombero zina darasa la sayansi mlangoni pao; walimu walitumie.

Lipo pia suala la haki. Mwaka 2011 wakazi wa vijiji vya jirani walikatazwa kuokota hata kuni kavu, walizokuwa wakiruhusiwa hapo awali. Sababu ya kuulinda msitu tunaielewa. Hata hivyo, mama aliyepoteza kuni zake anastahili kumwona mwanawe akiajiriwa kuongoza wageni, tena akiwa amefunzwa barabara.

Na kiongozi huyo awataje ndege kwa Kiswahili. Wazee wa Kihehe na Kindamba wanayo majina; BAKITA na wataalamu wa wanyamapori wayakusanye, wayasanifu na kuyachapa. Kazi inaweza kuanza Mang'ula, kwa mzee mmoja na karani mwenye daftari.