Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Viwanja vya Ndege vya Kitale na Matulo Vimfae Nani?

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii yafaa kuwa kipimo cha kila uwanja wa ndege unaojengwa au kupanuliwa nchini mwetu, kwa maana uwanja ni mlango wa wageni. Swali lisilokwepeka ni hili: mgeni akishatua na kuondoka, mwenyeji anayelima kando ya ua wa uwanja huwa amepona nini? Makala haya yanalielekeza swali hilo kwa viwanja viwili vya magharibi mwa Kenya: ule wa Kitale katika Kaunti ya Trans Nzoia, na ule wa Matulo, karibu na mji wa Webuye, katika Kaunti ya Bungoma.

Ni bayana kwamba habari za viwanja hivi huvuma kwa vipindi. Huvuma nyakati za kampeni, na huvuma zaidi panapotarajiwa ugeni mkubwa. Sherehe za Madaraka za tarehe 1 Juni 2024 zilipoandaliwa Bungoma, katika Uwanja wa Masinde Muliro ulioko Kanduyi, uwanja wa Matulo uliingia midomoni mwa wengi. Hapana ubaya wowote taifa kujiandaa kwa sherehe yake. Hata hivyo, uwanja mdogo wa ndege haupimwi kwa siku ambayo kiongozi ametua. Hupimwa kwa kazi unayoifanya Jumanne ya kawaida, mvua ikinyesha, wala hapana kamera hata moja.

Naonelea kwamba kosa kubwa katika mjadala huu ni tamaa ya kila kaunti kujipatia uwanja wa hadhi ya juu. Uwanja wa Kimataifa wa Eldoret, uliofunguliwa mwaka 1997, uko takribani kilomita 70 kutoka Kitale, na njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita 3.5. Kisumu nako kuna uwanja wa kimataifa. Iwapo Kitale na Matulo zitashindana na majirani hao kwa ndege kubwa, zitashindwa. Isitoshe, zao kuu la Trans Nzoia ni mahindi, na gunia la mahindi la kilo 90 halipandi ndege; nauli yake ingeipita bei yake. Miwa ya Bungoma haina haja ya kutajwa. Eldoret kwenyewe, penye njia ndefu namna hiyo, kwa miaka mingi pamejulikana zaidi kwa shehena zinazoingia kutoka ng'ambo kuliko mazao ya mkulima yanayotoka.

Je, hii ina maana kwamba viwanja vidogo havina faida? La hasha! Faida wanayo, ila ni ya aina nyingine. Mwaka 1957 lilipoasisiwa shirika la AMREF, waasisi wake, akiwemo daktari mpasuaji Michael Wood, hawakungoja majengo ya fahari ya abiria. Walitumia ndege ndogo na viwanja vya changarawe kumfikia mgonjwa aliyekuwa mbali na hospitali. Kazi hiyo ingali ya lazima hadi leo. Mgonjwa wa Kitale anayehitaji kukimbizwa Nairobi haulizi kama uwanja una ukumbi wa wageni mashuhuri. Huuliza kama ndege inaweza kutua.

Na ili ndege itue, kuna mambo madogo yasiyozinduliwa kwa utepe. Kwanza, Kitale iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko kama huo hewa ni nyepesi, hasa jua la adhuhuri linapowaka. Injini hupungukiwa nguvu na bawa hupungukiwa mwega, hivyo ndege ile ile huhitaji kukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kupaa kuliko ingekuwa Mombasa. Urefu na uimara wa njia ni suala la usalama wala si la urembo. Pili, eneo hili lina mvua nyingi, na njia isiyo na mitaro mizuri hugeuka tope au hulika kingo. Tatu, ng'ombe na wapita njia hawajui ratiba za marubani. Bila ua madhubuti, uwanja huwa malisho na njia ya mkato. Ua, mitaro, kufyeka nyasi na akiba ya mafuta ya ndege: hayo ndiyo maisha ya uwanja mdogo.

Aidha, historia ya Wilson, jijini Nairobi, inatufunza jambo. Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni yake ya ndege mwaka 1929, na uwanja ulioitwa kwa jina lake tangu mwaka 1962 umekua ukawa kitovu cha ndege ndogo katika Afrika Mashariki. Kilichoukuza si uzuri wa majengo yake. Ni karakana za matengenezo, shule za urubani, ndege za matibabu na kampuni ndogo za kukodisha. Kijana wa Kiminini au Misikhu anayetaka kuwa fundi wa ndege hulazimika kwenda mbali na kwao. Karakana moja na darasa moja Kitale vingemfaa kijana huyo kuliko jengo la vioo.

Wapo watakaodai kwamba ukijenga kwanza, wawekezaji watakuja wenyewe. Wenye rai hii wana hoja, kwani Kitale imewahi kuhudumiwa na safari za ratiba kutoka Nairobi, na barabara nzuri huzaa biashara. Lakini na tuitazame Lokichoggio, kaskazini mwetu katika Turkana. Tangu mwaka 1989, operesheni ya kuwapelekea misaada watu wa Sudan ilikifanya kiwanja hicho kuwa miongoni mwa vile vyenye shughuli nyingi. Baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005, mashirika yalihamia Sudan Kusini, na kishindo cha ndege kikafifia. Njia ya kurukia ilibaki pale pale. Shughuli ndizo zilizoondoka.

Kwa mintarafu ya sheria, mwananchi anastahili kuambiwa ukweli. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeikabidhi Serikali ya Kitaifa masuala ya usafiri wa anga. Kwa hivyo mgombea ugavana anayeahidi uwanja wa ndege anaahidi kilicho mkononi mwa mwingine. Yaliyo mkononi mwake ni barabara ya kaunti inayofika uwanjani, gari la wagonjwa linalosubiri ndege, na mpango wa matumizi ya ardhi. Hayo tumdai bila kuchoka.

Suala la ardhi ndilo zito kuliko yote. Kifungu cha 40 cha Katiba kinataka mwenye ardhi inayotwaliwa kwa manufaa ya umma alipwe fidia ya haki na kwa haraka. Lakini hata yule ambaye shamba lake halikutwaliwa huguswa, kwa kuwa urefu wa majengo na miti karibu na njia ya ndege hudhibitiwa. Mkulima anayepanda mikaratusi leo apate karo ya mwanawe baada ya miaka minane ana haki ya kujua mapema kwamba miti hiyo huenda ikakatwa.

Hapa ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapoingia. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Rubani na mwongozaji ndege na wazungumze Kiingereza hewani, kwani ndiyo kawaida ya kimataifa. Lakini ilani ya kutwaa ardhi, ramani ya mipaka na fomu ya fidia vinamhusu mtu aliye ardhini. Vikiandikwa kwa lugha asiyoielewa, kikao cha kukusanya maoni yake huwa mchezo wa kuigiza. Kazi ya kuzitafsiri hati hizo ni yetu, na tuianze kabla mashine za kuchimba hazijafika.

Napendekeza basi kwamba Kitale na Matulo zigawane kazi badala ya kushindania hadhi: moja ijikite katika mafunzo na matengenezo, nyingine katika dharura na safari za kukodi. Kila mwaka wananchi watangaziwe, kwa Kiswahili, ndege ngapi zilitua, wagonjwa wangapi walisafirishwa, na shilingi ngapi zilitumika. Takwimu hizo zikionyesha kwamba wasafiri wanazidi, njia na irefushwe. Zisipoonyesha hivyo, fedha ziende hospitalini. Hapo mgeni atakuja kwa heri, na mwenyeji atakuwa na ushahidi wa kupona kwake.