Kuwa naibu sherifu Marekani: njia ipo, na inaanzia kwenye faili lako

Huenda umeona kwenye simu picha ya mtu mliyepanga naye foleni ya mgao. Alihamishiwa Marekani, na sasa amevaa sare, beji kifuani. Ukajiuliza: mimi je, naweza? Inawezekana. Lakini ni vyema ujue kazi yenyewe ni ipi, nani anaajiriwa, na kwa nini siasa za mwaka 2025 zinakugusa wewe uliye bado hapa.

Naibu sherifu ni nani?

Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000, na karibu kila moja ina sherifu. Katika majimbo mengi sherifu huchaguliwa kwa kura, kama madiwani wanavyochaguliwa kwetu. Neno "naibu" lisikuchanganye: si mtu wa pili kwa cheo. Manaibu ndio askari wenyewe wa sherifu, na kaunti kubwa kama Los Angeles inao maelfu. Wanafanya doria nje ya miji yenye polisi wake, wanalinda jela ya kaunti na mahakama, na wanapeleka hati za mahakama, zikiwemo amri za kumtoa mpangaji kwenye nyumba. Wengi huanzia jela, si kwenye gari la doria.

Masharti

Mara nyingi maombi hupelekwa ofisi ya sherifu. Umri wa chini ni miaka 18 au 21, kutegemea mahali. Utahitaji cheti cha kumaliza sekondari au kinacholingana nacho, na leseni ya udereva. Mara nyingi shahada si lazima. Kuna mtihani wa mbio na mazoezi, vipimo vya afya ya mwili na akili, na mahali pengi mashine ya kupima uongo. Ukifaulu, unaingia chuo cha mafunzo kwa miezi kadhaa.

Kisha lipo suala la uraia. Majimbo mengi yanataka raia tu, na wenyeji wetu hawatashangaa, maana hata huku kwetu polisi huajiriwa raia. California ililegeza sharti hilo mwaka 2023 na Illinois mwaka 2024: mtu mwenye haki halali ya kufanya kazi anaweza kuomba. Kwingine itabidi usubiri. Mkimbizi huomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja nchini, na uraia baada ya miaka mitano.

Uchunguzi unaokwamisha wengi

Mchunguzi atazungumza na majirani na waajiri wako wa zamani. Ataangalia madeni, makosa ya barabarani na kesi zozote. Zingatia hili hasa: sheria ya taifa inamkataza kumiliki bunduki mtu aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mke au mume, hata kama kosa lilihesabiwa dogo. Bila bunduki, kazi hii hakuna. Ugomvi ambao nyumbani ungemalizwa na wazee, kule unaweza kufunga mlango kwa miaka mingi.

Huenda pia akaangalia hati zako za uhamiaji. Jina, tarehe ya kuzaliwa, idadi ya watoto: uliyoyasema hapa yanakufuata. Novemba 2025 serikali ya Marekani iliagiza mafaili ya wakimbizi walioingia tangu Januari 2021 yapitiwe upya. Kama kuna kosa kwenye faili lako, nenda ukaombe lisahihishwe sasa. Ni rahisi kuliko kulieleza miaka kumi baadaye, chini ya kiapo.

Utamtumikia nani?

Tangu mwaka 1996 sheria ya Marekani inaruhusu masherifu kuingia mkataba na idara ya uhamiaji, ili manaibu wao wafanye sehemu ya kazi ya kuwasaka au kuwashikilia wahamiaji. Mwaka 2025 mikataba hiyo iliongezeka sana. Kwa hiyo naibu aliyekuwa mkimbizi anaweza kujikuta jela akimhoji mtu kuhusu hati zake kwa lugha yao ya mama. California na Illinois, yaleyale yaliyofungua mlango kwa wasio raia, yamekataza mikataba hiyo. Unaona basi: sare inaweza kufanana, lakini kazi hubadilika kwa kaunti na kwa sherifu aliyeshinda kura. Kabla ya kuomba, uliza msimamo wake. Na ukishapata uraia, piga kura yako.

Kwako wewe uliye hapa

Katika mwaka wa fedha ulioishia Septemba 2024, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, Wakongo wakiwa wengi kuliko wote. Januari 2025 mpango huo ulisimamishwa. Kwa mwaka ulioanza Oktoba 2025 kikomo kiliwekwa 7,500, na nafasi nyingi zikatengewa Waafrika Kusini weupe. Usipange maisha yako yote juu ya safari ambayo haina tarehe. Wala usimpe mtu pesa akikuahidi nafasi: nafasi ya kuhamishwa haiuzwi, na anayeiuza ni tapeli.

Unachoweza kufanya leo kitakufaa popote utakapoishi. Maliza sekondari na utunze vyeti vyako. Ongeza Kiingereza bila kuacha Kiswahili, Kinyarwanda au Kisomali, maana askari anayeelewana na watu kwa lugha yao anatafutwa. Ukitaka kujua kama kazi ya ulinzi inakufaa, jiunge na kamati ya ulinzi ya jamii ya eneo lako. Huko utajifunza kumsikiliza mtu mwenye hasira, na kumtendea haki hata yule usiyempenda.