Mtunzi na deni la sehemu ijayo

Na Rehema Mbwana

Biashara ya simulizi za mfululizo, yaani hadithi ndefu inayotolewa kipande kwa kipande na kuuzwa kwa msomaji mmoja mmoja kupitia simu, imekuwa njia ya kawaida ya watunzi wengi wa Kiswahili kulifikia soko bila kupitia kwa mchapishaji wala mhariri wa gazeti. Kwa sababu hiyo imezaa swali ambalo watunzi waliotangulia hawakulazimika kulijibu peke yao, nalo ni namna gani mtu anayeandika bila bosi, bila mshahara na bila tarehe aliyopangiwa na mwingine anaweza kuendelea kuandika hadi tamati. Wanaoanza ni wengi, lakini wanaofika mwisho ni wachache, na hadithi zilizoachwa sehemu ya kumi na tano, mhusika mkuu akiwa bado mikononi mwa watekaji, zimetapakaa mitandaoni. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba mtunzi alikata tamaa, au kwamba msomaji wa Kiswahili hapendi kutoa fedha yake kwa ajili ya maandishi. Safu hii inashikilia kwamba yote mawili ni matokeo tu, na kwamba chanzo ni kuuza kitu kisicho na mipaka: mtunzi huahidi "itaendelea" bila kusema itaendelea hadi wapi, akajitwika deni ambalo haliwezi kulipwa likaisha.

Utaratibu wenyewe unafahamika. Mtunzi huweka sehemu za mwanzo bure kwenye Facebook au katika makundi ya WhatsApp, kila sehemu ikiwa na maneno mia nane au elfu moja hivi, naye huikata mahali penye taharuki, yaani pale hofu na hamu ya msomaji zinapopanda kwa pamoja. Wasomaji hujibu kwa kudai nyingine, wakilalamika kwamba wameachwa na arosto, neno la mitaani linalotaja mateso ya mtu aliyezoea kitu kisha akakikosa. Hadithi inapokolea, tangazo hutoka kwamba anayetaka kuendelea atume shilingi 1,000 au 2,000 kwa namba fulani, ahakikishe jina la mpokeaji linalotokea, kisha atume picha ya ujumbe wa muamala ili aingizwe katika kundi la waliolipia. Tangu hapo mtunzi ni mwandishi, karani wa mapato na msuluhishi wa ugomvi wa wanakundi kwa wakati mmoja, na mara nyingi sehemu ya jioni huandikwa kwa kidole gumba, kwenye simu hiyohiyo inayopokea malalamiko ya kuchelewa kwake.

Biashara ya namna hii isingewezekana kabla ya M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom nchini Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata kupitia Vodacom, kwa kuwa hapakuwa na njia rahisi ya kupokea shilingi elfu moja kutoka kwa msomaji aliye Kahama. Majukwaa ya kigeni hufanya kazi inayokaribiana na hiyo kwa mipango miwili tofauti. Medium, iliyoanzishwa na Evan Williams mwaka 2012, tangu 2017 hugawia waandishi sehemu ya ada za wanachama kwa kadiri kazi zao zinavyosomwa; Substack, iliyozaliwa mwaka 2017, humwachia mwandishi apange bei yake mwenyewe, nayo huchukua asilimia 10 ya mapato. Katika mpango wa kwanza mwandishi ni kibarua ambaye kanuni ya ujira wake hubadilishwa na mwenye jukwaa wakati wowote. Katika wa pili ana makubaliano na msomaji anayemjua kwa jina. Kundi la WhatsApp la waliolipia ni la aina hii ya pili, na hilo lina uzito katika suala la ari, kwa sababu linaeleza mtunzi anadaiwa na nani.

Wanasaikolojia hutofautisha ari ya ndani, yaani kufanya jambo kwa kulipenda lenyewe, na ari ya nje, yaani kulifanya kwa ajili ya kile litakacholeta. Mwaka 1973 watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambao tayari walipenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe kama lingechora, kundi la pili lilipewa cheti hichohicho baada ya kuchora bila kuambiwa mapema, na la tatu halikupewa kitu. Siku kadhaa baadaye, rangi zilipowekwa mezani bila zawadi yoyote, watoto walioahidiwa cheti walitumia takriban nusu ya muda uliotumiwa na wenzao, ilhali wale waliopewa cheti bila kutarajia hawakupungukiwa na hamu. Kilichodhoofisha mapenzi ya kuchora hakikuwa cheti, kwani makundi mawili yalikipata, bali kuchora kwa ajili ya cheti.

Watu wengine huchukua jaribio hilo kuwa hoja ya kumwambia mtunzi aandike kwa mapenzi na kuyasahau malipo, ushauri ambao hutolewa kwa urahisi zaidi na watu wenye mshahara. Mtunzi ana kodi ya nyumba na bando la kununua, na kazi yake ina thamani. Funzo lililo karibu zaidi na hali yake ni kwamba malipo yanayosubiriwa kama zawadi ya kila sehemu humfanya ahesabu miamala kabla ya kuandika, hivyo siku ambayo wamelipa watu watatu badala ya thelathini inakuwa siku ya kutoandika. Malipo yakikusanywa mara moja, mwanzoni, kwa hadithi nzima, mahali pake hubadilika, kwa maana hayamngoji tena mtunzi mbele kama zawadi bali yamo nyuma yake kama deni, na swali la kila asubuhi halihusu tena ni wangapi watakaolipa leo, linahusu sehemu gani inayodaiwa leo.

Mtunzi wa gazeti alikuwa na anayemdai. Simulizi za Eric Shigongo zilizowavuta wasomaji wa magazeti ya Uwazi na Ijumaa zilitoka katika ukurasa ambao usingeweza kuachwa mtupu siku ya kwenda mitamboni, na shurti hiyo ilifanya kazi ambayo ari peke yake haifanyi. Anayejitegemea hana budi kujitungia shurti yake, na mfano wa zamani ulio wazi zaidi ni wa Anthony Trollope, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa mtumishi wa Posta hadi mwaka 1867. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1883, baada ya kifo chake, alieleza kwamba alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaweka saa mbele yake na kudai kutoka kwake mwenyewe maneno 250 kila robo saa, kabla ya kwenda ofisini. Wahakiki walimcheka kwa kuandika kwa kipimo cha saa, lakini aliacha riwaya 47. Kwa mwendo huo, sehemu ya maneno elfu moja ni kazi ya saa moja, na mtunzi anayeipata saa hiyo kila siku anaweza kuanza kuuza akiwa tayari na sehemu kumi au kumi na tano za akiba, zikamvusha siku ya homa, siku ya msiba na wiki ambayo umeme hautabiriki.

Mfano huo una jambo la pili ambalo hutajwa mara chache, nalo ni kwamba Trollope hakuitegemea kalamu kwa chakula cha mwezi ule katika miaka yake ya kujijenga. Hali kadhalika Elvis Musiba, ambaye kitabu chake Kufa na Kupona cha mwaka 1974 kilimtambulisha mpelelezi Willy Gamba kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, alikuwa mfanyabiashara. Kazi nyingine haimtii doa mtunzi, kwani humpa nafasi ya kuharibu sehemu moja, akaifuta na kuiandika upya, anasa ambayo hana mtu anayesubiri muamala wa jioni ili anunue unga.

Kuhusu kuwapata wasomaji, kisa cha Charles Dickens hutajwa sana lakini husomwa nusu. The Pickwick Papers ilitoka London kwa vijitabu vya kila mwezi kuanzia mwaka 1836 hadi Novemba 1837, kila kijitabu kwa shilingi moja ya Kiingereza. Cha kwanza kilichapwa nakala 1,000 na mauzo yake yalikuwa hafifu. Mhusika Sam Weller, mtumishi mcheshi mwenye lugha ya mitaani, alipoingia katika kijitabu cha nne, mauzo yalipanda, hadi mwisho wa mfululizo yakafikia nakala 40,000 hivi. Nusu inayorukwa ni kwamba mchoraji wa picha, Robert Seymour, alijiua kabla ya kijitabu cha pili kutoka, na bado kijitabu hicho kilitoka, kikiwa na picha pungufu na maelezo ya kuomba radhi. Mwezi mmoja tu, Juni 1837, hakikutoka kitu, kwa sababu Dickens alikuwa amefiwa na shemeji yake Mary Hogarth, na kijitabu kilichofuata kilibeba maelezo kwa wasomaji. Hadhira hiyo ilijengwa kwa kipaji, ndiyo, lakini pia kwa mtunzi ambaye hakunyamaza bila kusema kwa nini.

Ukubwa wa hadhira inayohitajika nao hukuzwa kupita kiasi. Mwandishi Mmarekani Kevin Kelly aliandika mwaka 2008 kwamba msanii anaweza kuishi kwa mashabiki wa kweli 1,000, kila mmoja akimpa dola 100 kwa mwaka, hesabu ambayo haihamishiki ilivyo kwenda Tandika au Nyamagana, lakini mantiki yake inahamishika. Ikiwa wasomaji 200 watalipa shilingi 2,000 kwa hadithi moja ya sehemu arobaini, mtunzi atakuwa na shilingi 400,000 kabla ya kuweka sehemu ya kwanza ya kulipia, na watu 200 ni idadi anayoweza kuijua kwa majina. Ukumbi wa taarabu umelielewa jambo hili siku nyingi, kwa kuwa mwimbaji hatunzwi na ukumbi mzima kwa mkupuo, bali huyu huinuka kwa ubeti uliomgusa na yule kwa mwingine, na msanii mwenye macho hukumbuka nani aliinuka wapi. Orodha ya namba za waliolipia, iliyonakiliwa kwenye daftari nje ya simu, ni mali kubwa kuliko wafuasi elfu ishirini wa ukurasa unaoweza kufungwa au kudukuliwa usiku mmoja.

Pingamizi kubwa la watunzi ni wizi, yaani mwanakundi mmoja kulipia kisha kunakili kila sehemu na kuimwaga katika makundi mengine, wakati mwingine jina la mtunzi likiwa limefutwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda mtunzi, na kusajili kazi COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya nchi hiyo, humpa ushahidi wa umiliki, ingawa ni vigumu kumfikisha mtu mahakamani kwa ajili ya shilingi elfu mbili. Hata hivyo nakala iliyovuja daima huchelewa, na haina mtunzi ndani yake wa kuulizwa kwa nini mhusika fulani alirudi kwa mume wake. Anayelipa hulipia kusoma kwanza na kuwamo barazani, vitu viwili visivyonakiliwa, na mtunzi anayesitisha hadithi ili kumkomoa mwizi huwa amewaadhibu waliolipa.

Madhara makubwa zaidi hufanywa na mtunzi mwenyewe anapogundua kwamba taharuki huuza, akaanza kuirefusha hadithi iliyokwisha: aliyekufa anafufuka, pacha asiyetajwa anajitokeza, na ada ya "msimu wa pili" inaombwa kabla wa kwanza haujafungwa. Mapato ya mwezi ule huongezeka, lakini msomaji hujifunza kutomlipa mtunzi yeyote mpaka ahakikishe kwamba hadithi imekamilika, na gharama ya somo hilo huangukia kwa mtunzi chipukizi ambaye hajamkosea mtu.

Kwa hiyo tangazo la kuuza simulizi lingepaswa kubeba mambo manne kabla ya namba ya malipo: idadi ya sehemu, siku zitakapotoka, bei ya hadithi nzima, na ahadi ya kurudisha fedha ikiwa haitakamilika. Ahadi ya mwisho ndiyo itakayowatisha wengi, na ndiyo yenye manufaa kuliko zote, kwa sababu hakuna atakayethubutu kuitoa bila kuwa na rasimu ya kutosha mkononi. Mtunzi aliyekamilisha hadithi tatu kwa mpango huo, hata kama kila moja ilisomwa na watu mia moja tu, atakapotangaza ya nne atakuwa na kitu ambacho mwenye wafuasi elfu ishirini na hadithi saba zilizokatika hana: watu wanaotuma fedha kabla ya kusoma mstari wa kwanza.