Lugha ya Mtihani na Mlango wa Chuo: Mfano wa Mwakitolyo

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu lugha ya kufundishia katika shule za sekondari nchini Tanzania una umri mrefu. Tangu Mlama na Matteru (1978) walipoitetea haja ya kutumia Kiswahili kufundishia elimu ya juu, wataalamu wameandika mengi kuhusu mwalimu, mwanafunzi na darasa. Hata hivyo, kipo kitu kimoja ambacho kimepewa nafasi ndogo kuliko kinavyostahili, nacho ni karatasi ya mtihani. Makala haya yanadai kwamba karatasi hiyo ndiyo inayoamua lugha ya darasani, na kwamba yeyote anayekusudia kurekebisha lugha ya elimu ya sekondari hana budi kuanza na lugha ya mtihani. Mfano unaotumika hapa ni wa Mwakitolyo, kata ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakulima na wafugaji katika Wilaya ya Shinyanga.

Katika baadhi ya nchi, Kiingereza ni somo moja miongoni mwa masomo ya mtihani wa kuingia chuo. Nchini China, kwa mfano, mtahiniwa hupimwa lugha ya kigeni kwa karatasi yake, kisha hupimwa hisabati na sayansi kwa Kichina. Hali ya Tanzania ni tofauti. Kiingereza kina karatasi yake katika mtihani wa Kidato cha Nne, lakini pia ndicho lugha ya karatasi za Bayolojia, Kemia, Fizikia, Jiografia na Hisabati. Mtahiniwa anayejiandaa kwa mtihani wa Kemia, kwa hiyo, anajiandaa kwa mitihani miwili kwa wakati mmoja, na akishindwa ule wa kwanza, yaani wa lugha, hafikii hata mlango wa ule wa pili.

2.0 Njia ya mtahiniwa wa machimboni

Mtoto anayekulia Mwakitolyo aghalabu huanza na Kisukuma nyumbani. Kiswahili hukipata shuleni na machimboni, kwa kuwa machimbo huvuta watu wa makabila mengi na lugha inayowaunganisha ni hiyo. Kiingereza huja kikiwa lugha ya tatu. Kuanzia Darasa la Kwanza hadi la Saba katika shule za serikali mtoto huyo hufundishwa kwa Kiswahili, na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi huufanya kwa Kiswahili. Akiingia Kidato cha Kwanza, lugha ya vitabu na ya mitihani hubadilika ghafla.

Upanuzi wa shule za kata chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uliozinduliwa mwaka 2004, pamoja na kufutwa kwa ada ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne kuanzia mwaka 2016, umewawezesha vijana wengi wa vijijini kufika sekondari. Hayo ni mafanikio yasiyopingika. Lakini shule imesogea karibu na nyumba, huku lugha ya mtihani ikibaki pale pale ilipokuwa.

Wapo pia waliokatisha masomo wakaingia katika maduara, karasha au mialo, na ambao baada ya miaka michache hutamani kurudi. Kwao ipo njia rasmi ya Mtihani wa Maarifa, ambao aliyeukosa mtihani wa Kidato cha Pili hulazimika kuufaulu kabla ya kusajiliwa kuwa mtahiniwa wa kujitegemea wa Kidato cha Nne. Kuanzia Novemba 2021 serikali iliruhusu pia wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, warejee katika shule za kawaida. Milango imeongezwa, na hilo ni jema. Hata hivyo kila mlango una kufuli lile lile. Kijana aliyekaa machimboni miaka minne hajapoteza akili yake ya kuhesabu wala ya kupima. Alichopoteza ni Kiingereza kidogo alichokuwa nacho, kwa sababu mazingira yake hayakumpa nafasi ya kukitumia.

Namna anavyojiandaa inafahamika kwa kila mwalimu. Hukusanya maswali ya miaka iliyopita, hutafuta majibu yaliyokwisha kuandikwa, huyakariri neno kwa neno, kisha huomba Mungu swali lirudi kama lilivyokuwa. Lawama za kukariri hutupiwa mwanafunzi, kana kwamba ni uvivu. Kwa hakika, kukariri ni uamuzi wa busara wa mtu anayetakiwa kueleza jambo kwa lugha asiyoweza kuitungia sentensi. Mwalimu naye hueleza somo kwa Kiswahili ili lieleweke, kisha huandika ubaoni kwa Kiingereza ili likaririwe. Wote wawili wanautii mtihani.

3.0 Mtihani unapima nini?

Sharti la kwanza la mtihani wowote ni kupima kile unachodai kupima. Hapa ndipo mfano wa Mwakitolyo unapotoa ushahidi ulio wazi.

Mchimbaji mdogo anayeosha mchanga mwaloni anaifahamu densiti kwa mikono yake. Dhahabu ni nzito mara 19 hivi kuliko maji ya ujazo ule ule, ilhali mawe mengi yanayoibeba hayafiki hata mara 3. Ndiyo sababu maji huuchukua mchanga na dhahabu ikabaki chini. Anayechoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu anaona kwa macho yake namna ya kutenganisha vitu kwa kutumia tofauti ya viwango vya kuchemka. Zebaki huchemka katika nyuzijoto 357 za Selsiasi, na dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzijoto 1,064, hivyo moja huondoka kwa mvuke na nyingine husalia. Anayevuta kiroba cha mawe kutoka shimoni kwa kamba na kapi anaijua kazi ya mashine rahisi, na anayepanga matimba ya kuzuia kuta za duara zisiporomoke anaijua mikazo ya ardhi kwa kiasi ambacho uhai wake unategemea.

Dhana zote hizo zimo katika mihtasari ya Fizikia na Kemia ya sekondari. Kijana mwenye uzoefu huo akiulizwa kwa Kiswahili kwa nini zebaki hutangulia kuondoka, atatoa maelezo ambayo mwalimu anaweza kuyasahihisha na kuyaongezea nadharia. Akiulizwa kwa Kiingereza huenda asijue kilichoulizwa. Sifuri atakayoipata itasomeka kuwa hajui kemia, kumbe msahihishaji hana namna yoyote ya kutambua ni kipi kilichokosekana, maarifa au lugha. Mtihani usioweza kutofautisha mambo hayo mawili umepungukiwa na uhalali kwa kipimo cha taaluma ya upimaji yenyewe, hata kabla hoja za utaifa na utamaduni hazijatajwa.

Ushahidi wa jumla umekuwapo kwa muda mrefu. Utafiti wa Criper na Dodd (1984) ulionyesha kwamba ni takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa Kidato cha Nne waliokuwa na kiwango cha Kiingereza ambacho mtu angetarajia elimu kwa lugha hiyo iweze kuanzia. Kabla ya hapo, Tume ya Rais ya Elimu chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta ilipendekeza, mwaka 1982, Kiswahili kianze kufundishia Kidato cha Kwanza kuanzia Januari 1985. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri na serikali ikalazimika kuyapanga upya mwaka 2013, yalikuwa na sababu nyingi, na si haki kuitwika lugha mzigo wote. Lakini hakuna maelezo ya anguko la namna ile yanayoweza kuiacha lugha nje.

Kinachopotea hakiishii kwenye cheti. Mvuke wa zebaki huharibu mfumo wa neva, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliazimia kupunguza matumizi yake katika uchimbaji mdogo. Kijana anayefukuzwa na mtihani wa Kemia hurudi kuichoma zebaki hiyo hiyo kwenye karai lililo wazi. Taifa limemnyima cheti, na pamoja nacho limemnyima maelezo ya kisayansi ya kitu kinachomdhuru.

4.0 Hoja za upande wa pili

Wanaotetea hali iliyopo wana hoja ambazo hazipaswi kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba Kiingereza ni lugha ya dunia na vijana wa vijijini wasinyimwe. Hoja hii ni sahihi, lakini haihalalishi mtihani wa Fizikia kwa Kiingereza. Lugha ya kigeni hujifunzwa kwa kufundishwa vizuri na mwalimu aliyeandaliwa kwa kazi hiyo. Mwalimu wa Fizikia hakuandaliwa kuifundisha, na karatasi yake haipimi kama mtahiniwa anaweza kuzungumza na mgeni, kuandika barua au kusoma gazeti. Aidha, mtihani wa somo la Kiingereza wenyewe ni wa maandishi, kwa hiyo hata umahiri wa kuzungumza unaotajwa sana na wazazi haupimwi. Kiingereza kinatumika kuchuja watu kuliko kinavyofundishwa.

Hoja ya pili ni ya istilahi. Imedaiwa mara nyingi kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Tatizo ni kwamba istilahi isiyoulizwa mtihanini haina sababu ya kujifunzwa, na isiyojifunzwa hubaki ngeni hata ikiwa kamusini. Hapa wanataaluma wa Kiswahili wanastahili kujikosoa, kwani wamezoea kubuni istilahi mezani huku msamiati hai wa maduara, matimba, karasha na mialo ukisubiri kukusanywa.

Hoja ya tatu ni kwamba wazazi wenyewe wanakitaka Kiingereza. Ni kweli. Mchimbaji ambaye duara lake limetoa dhahabu aghalabu humpeleka mwanawe katika shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza huko mjini. Uamuzi wake ni wa busara, kwa kuwa ameshatambua kinachopimwa. Lakini jirani yake ambaye duara lake limetoa mawe matupu hana uamuzi huo. Mtihani wa taifa uliokusudiwa kutafuta vipaji unaishia kufuata bahati ya duara.

Ipo pia tahadhari ambayo watetezi wa Kiswahili huisahau. Kwa mtoto wa Kisukuma, Kiswahili nacho ni lugha ya kujifunza, na kuhamia Kiswahili hakutaondoa pengo lote. Kutalipunguza, kwa kuwa Kiswahili anakitumia kila siku sokoni, zahanatini na machimboni.

5.0 Pendekezo na hitimisho

Mjadala umekwama kwa sababu umewekwa kama uchaguzi wa lugha moja dhidi ya nyingine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliruhusu Kiswahili kutumika katika ngazi zote. Toleo lake la 2023 likabakiza Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Kila sera inapobadilika, mshindi wa jana huwa mshindwa wa leo, na karatasi ya mtihani haiguswi.

Pendekezo la makala haya ni dogo zaidi na linatekelezeka. Maswali ya masomo yasiyo ya lugha, kwanza katika Mtihani wa Maarifa na baadaye katika mtihani wa Kidato cha Nne, yachapishwe kwa lugha mbili sambamba, na mtahiniwa aruhusiwe kujibu kwa lugha anayoimudu. Somo la Kiingereza libaki la lazima, lipewe walimu na vitabu vya kutosha, na lipime kusikiliza na kuzungumza pamoja na kusoma na kuandika. Anayekwenda katika chuo kinachofundisha kwa Kiingereza apimwe lugha hiyo kwa karatasi yake, kama nchi nyingine zinavyofanya.

Haiwezi kusemwa kwamba jambo hili ni geni au gumu kiutawala. Baraza la Mitihani la Tanzania tayari huandaa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza kwa ajili ya shule za mchepuo huo. Afrika ya Kusini imekuwa ikitunga mitihani ya kumaliza sekondari kwa Kiingereza na Kiafrikana kwa miaka mingi. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoletwa na mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024, hufundishwa kwa Kiswahili hata sekondari. Sheria iliyopitishwa mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mchimbaji wa Mwakitolyo anaweza leo kudai haki ya mpaka wa eneo lake mbele ya hakimu kwa Kiswahili. Kijana wake hawezi kueleza kwa lugha hiyo hiyo kwa nini dhahabu huzama.

Kubadilisha lugha ya darasa zima kunahitaji walimu wapya, vitabu vipya na miaka mingi. Kuongeza Kiswahili kwenye karatasi ya maswali kunahitaji wafasiri mahiri, wasahihishaji walioandaliwa na uamuzi. Uamuzi huo ukishafanywa, mwalimu ataacha kuandika ubaoni asichokieleza, na mwanafunzi ataacha kukariri asichokielewa, kwa kuwa mtihani hautawadai tena kufanya hivyo. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu zina wafasiri, zina kamusi na zina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za tasnifu. Kazi ya kufasiri karatasi za miaka iliyopita za masomo ya sayansi, na kuzijaribisha kwa watahiniwa wa kujitegemea katika ukanda wa dhahabu, inaweza kuanza kabla ya sera yoyote kubadilika, na matokeo yake yatakuwa na uzito kuliko tamko jingine la kutetea lugha.